Sura ya Sita: Amana Isiyo na Shahidi

Mtu akiweka fedha zake kwa jirani huita mashahidi wawili; akimpeleka ng'ombe wake kulelewa katika zizi la rafiki hutaja rangi yake, pembe zake na mimba aliyo nayo, na wazee wa pande zote mbili hulisikia neno hilo ili siku ya kudaiana pasiwe na ubishi. Lakini binadamu mwenyewe, akishafikia hali ya kutoweza kujilisha, kujiogesha wala kujitetea, hukabidhiwa jamaa zake pasipo hati wala shahidi, wala hatokei mtu baada ya mwezi au mwaka kuja kuuliza kama amana ile ingali salama. Jambo hili halitokani na upungufu wa mapenzi. Latokana na itikadi kongwe, yenye heshima yake, kwamba damu ni shahidi wa kutosha, na kwamba kumkagua mwana juu ya mama yake ni kumtukana mwana na kuidhalilisha nyumba. Sura hii imekusudia kuipima itikadi hiyo, maana watu wazima walio dhaifu katika nchi yetu, yaani wazee, vipofu, waliopooza na wenye maradhi ya akili, aghalabu hudhulumiwa ndani ya nyumba zao wenyewe, na mikono wanayoijua kwa majina.

Tuichukue Bahi iwe mfano. Wilaya hii ilimegwa kutoka Dodoma Vijijini mwaka 2007, na makao yake ni mji mdogo ulio magharibi ya Dodoma, katika njia ya reli ya kati na barabara iendayo Manyoni na Singida. Upande mmoja ni nchi kavu ya vichaka vya miiba na mibuyu. Upande wa pili ni mbuga kubwa ya Bahi, ambamo mto Bubu humwaga maji yake yasipate njia ya kwenda baharini, yakatuama, yakakauka, na kuacha udongo ambao leo ni majaruba ya mpunga. Mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mwaka ambao msimu huo umekosa, uwele na mtama hukauka shambani na watu huanza kuhesabu madebe waliyobakiwa nayo ghalani. Wenyeji ni Wagogo, wafugaji na wakulima, watu wa salamu ndefu: anayepita njiani huitwa kwa mbukwenyi, huulizwa habari za nyumbani, za watoto na za mifugo, na hapana kosa la adabu lililo kubwa kama kumpita mzee bila kumwamkia. Mgeni atakayezisikia salamu hizo atadhani kwamba katika nchi hii mzee hawezi kudhulumika. Dhana hiyo ina haki, walakini ina upungufu. Kwa kuwa salamu ni ya njiani, na mzee aliye dhaifu hayupo njiani.

Yuko wapi? Ingia katika tembe mwezi wa Februari, jua likiwa utosini. Paa lake la udongo li chini, mlango ni mmoja, na jicho linalotoka nje huchukua muda kabla ya kutambua kilichomo. Pembeni, juu ya ngozi ya ng'ombe, amelala bibi mwenye umri ambao hapana aliyeuandika. Kibuyu cha maji kimetundikwa kwenye nguzo, mbali kidogo na mkono wake, kwa sababu kikiwekwa chini mbuzi hukiangusha. Bakuli la ugali wa uwele lililobaki asubuhi limefunikwa kwa ungo, nalo limekwisha kukauka pembezoni. Mlango umesukumiwa gogo kwa nje: mbuzi wasiingie, na bibi asitoke akapotea kama alivyopotea juzi. Mwanawe, mkamwana na wajukuu wakubwa wote wako shambani tangu alfajiri, maana huu ndio mwezi wa palizi, na palizi ikipita mwaka umepita. Watarudi magharibi. Katika nyumba hii hapana anayemchukia bibi. Wala pengine hapana siku aliyotukanwa. Hata hivyo hadi magharibi atakuwa amekaa saa kumi na mbili bila maji, amejichafua asiweze kujisafisha, na lau moto ungeshika kuta zile za fito asingeweza kulisukuma gogo lile. Hali hii yaitwa kutelekezwa, nayo ni dhulma ijapokuwa hapana dhalimu anayeonekana kwa urahisi.

Nimeitanguliza picha hiyo kabla ya fimbo na kabla ya mauti kwa sababu ndiyo iliyo nyingi, na kwa sababu yatufundisha jambo la msingi: katika nchi ya njaa, udhaifu hugeuka hesabu. Ugogo una historia ndefu ya njaa, na kila moja ilipewa jina lake. Iliyo mbaya kuliko zote katika kumbukumbu ni Mtunya, iliyoikumba nchi hii wakati Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikiishia na katika miaka iliyofuata, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nazo zikakoma. Watu walihama, walitawanyika, na wengine waliwaweka jamaa zao rehani kwa watu wenye chakula. Katika safari kama hizo asiyeweza kutembea ndiye anayebaki. Lililotendeka wakati ule kwa ukubwa wa msiba hutendeka hata leo kwa udogo katika kila Januari ngumu: chakula kikipungua, kwanza hutazamwa anayelima, kisha anayekua, na mwisho yule ambaye hatarajiwi kulima wala kukua. Hapana baraza linalokaa kuamua hivyo. Kijiko huamua chenyewe.

Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere, katika kijitabu chake juu ya ujamaa, alidai kwamba jamii zetu za kale zilimhifadhi kila mtu, na kwamba uzee haukuwa sababu ya hofu maadamu ukoo ulikuwapo. Alikuwa na hoja nzuri, na ingefaa kuongeza kwamba ukoo huo ulikuwa na umbo lake. Kaya ya Kigogo ya zamani ilikuwa na wake kadhaa, ndugu, wakwe na watoto waliozunguka ua mmoja, hata ikawa vigumu kwa mtu mmoja kulala njaa bila macho kumi kumwona. Mashahidi walikuwamo humo humo nyumbani. Umbo hilo limebadilika. Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka kaya zilizotawanyika na kuwaleta katika vijiji vilivyopangwa kwa safu. Shule zikafunguliwa, na zahanati zikasogezwa. Lakini vijana walipokwisha kusoma walipanda treni Kigwe au Bahi kwenda Dodoma na Dar es Salaam, na ua wa watu ishirini ukabaki na watu wanne, ambao wawili ni watoto na mmoja hawezi kusimama. Wajibu umebaki ule ule wa ukoo mzima, ilhali wa kuubeba amebaki mkamwana mmoja.

Uzito huo huongezwa na maradhi ambayo yangeweza kuzuilika, na katika Dodoma hapana mfano ulio dhahiri kama vikope. Ugonjwa huu wa macho huletwa na kijidudu kinachosafiri kwa mikono, kwa vitambaa vya kufutia nyuso na kwa inzi, nao hustawi palipo na uhaba wa maji na wingi wa mifugo. Ndiyo maana wilaya ya Kongwa, mkoani humo humo, imekuwa mahali pa utafiti wake mashuhuri tangu miaka ya 1980. Mtoto huambukizwa, akapona, akaambukizwa tena mara nyingi, hata upande wa ndani wa kope ukawa na makovu. Miaka thelathini baadaye makovu hayo huivuta kope kwa ndani, na nywele zake zikawa zinalikwaruza jicho kila linapopepesa. Wanawake huugua kuliko wanaume, kwa kuwa ndio wanaowabeba na kuwafuta watoto. Vikongwe wengi wa nyanda hizi huweka kibano kidogo cha chuma kwenye ncha ya khanga. Hukaa mlangoni penye mwanga, wakazing'oa kope zao moja moja kwa kupapasa, na baada ya wiki chache zikiota hurudia. Upasuaji wa kuigeuza kope ni mdogo, waweza kufanywa na muuguzi aliyefunzwa, tena katika kituo cha afya cha kijijini. Mama asiyepelekwa, kwa sababu hapana aliyeona haraka ya kumpeleka, huwa kipofu. Na akishakuwa kipofu huwa mzigo. Na akishakuwa mzigo huingia katika hesabu ile ya kijiko. Kumchelewesha mgonjwa hivyo ni dhulma pia, ingawa haina kelele.

Jicho jekundu lina hatari nyingine. Kote katika nchi za kati na za Ziwa, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni na maradhi yamechukuliwa na wajinga kuwa alama ya uchawi. Katika miaka ya 1970 hadi 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma hizo, walio wengi wanawake, na zaidi ya nusu katika Usukuma. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo Waingereza walituachia, huliadhibu hata lile tendo la kumtaja mwenzako kuwa mchawi. Lakini sheria husubiri shauri lifikishwe mbele yake, na tuhuma haifiki, hunong'onwa kisimani na kilabuni. Tena wenye kuzichunguza habari hizi wamegundua mara kwa mara kwamba nyuma ya mnong'ono husimama shamba: bibi anayeitwa mchawi ni mjane mwenye ardhi, na anayeanza kumwita hivyo ni mtu ambaye ardhi ile ingemfaa.

Hapo ndipo tunapofikia shina la mambo, nalo ni mali. Zamani shamba la Ugogo halikuwa na bei. Aliyechoka kulima aliliacha, na mwingine akalifyeka. Leo jaruba lenye maji katika mbuga ya Bahi hukodishwa kwa fedha taslimu kila msimu, na tangu Serikali ihamie Dodoma kwa dhati kuanzia mwaka 2016, viwanja vya kando ya barabara kuu vimepanda thamani kuliko walivyowahi kuota wazee waliozaliwa hapo. Karatasi huletwa nyumbani. Mzee asiyesoma huelezwa kwamba ni ya msaada, au ya hesabu ya kaya. Kidole gumba huchovywa katika wino wa bluu na kukandamizwa. Na miezi sita baadaye mtu asiyemjua hufika na kamba ya kupimia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imezibatilisha mila zote zinazomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki ardhi kihalali. Hayo ni maneno mazuri na yenye nguvu. Lakini kidole kilichokwisha kukandamizwa hakijui habari ya kifungu, na asiyeona hawezi kukana alama aliyoambiwa kuwa ni yake.

Na mila yenyewe ilipoandikwa haikumsaidia mjane. Amri ya Serikali ya mwaka 1963, iliyoziandika kanuni za mirathi za makabila yanayofuata ukoo wa baba, ilisema kwamba mjane hana fungu katika mirathi ya mumewe ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao. Msomaji aitazame vyema kanuni hiyo, kwa maana inaonekana kuwa ya huruma. Imemvua mjane mali aliyoweza kuishika mkononi, ikampa badala yake ahadi. Na ahadi hiyo imewekwa mikononi mwa wale wale waliopata mali. Asipotunzwa atamshitaki nani, kwa nauli ya nani, ilhali anaishi katika nyumba ya mshitakiwa? Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua, katika shauri la wajane wawili Watanzania, kwamba kanuni hizo zinawabagua wanawake, ikaitaka nchi yetu izirekebishe.

Lipo shauri moja katika mahakama zetu ambalo wanasheria hulisoma kwa ajili ya usawa wa wanawake, nami napenda lisomwe pia kama habari ya uzee. Holaria Pastory, mwanamke wa wilaya ya Muleba mkoani Kagera, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wasia uliokuwa halali. Alipoona kwamba anazeeka, akili yapungua, wala hana wa kumtunza, aliliuza shamba hilo tarehe 24 Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake, na naomba msomaji asiipite tarehe hiyo kwa haraka, kesho yake tu Bernardo Ephrahim, mtu wa ukoo wake, alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kuupinga uuzaji ule, kwa hoja kwamba mila ya Wahaya hairuhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia. Mahakama ya Wilaya ikakataa, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliithibitisha hukumu ya Wilaya, akasema kwamba mila hiyo yapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 na mikataba ambayo Tanzania imeiridhia. Hukumu hiyo ni fahari ya nchi. Hata hivyo nyuma ya sheria yake kuna jambo lililo wazi kama mchana: ukoo ulioweza kufika mahakamani kwa siku moja kulitetea shamba, kwa miaka yote ile haukufika nyumbani kumtetea mwenye shamba. Ukoo ule ulikuwa na macho, tena makali. Ila yalikuwa yakitazama ardhi.

Yaliyosemwa juu ya wazee yanawahusu pia wenye maradhi ya akili, ingawa wao hupewa heshima ndogo zaidi. Hospitali ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927, nayo ndiyo iliyo kubwa kwa maradhi hayo nchini. Kutoka Bahi ni mwendo wa takriban saa moja kwa gari. Lakini mgonjwa akitulizwa kwa dawa na kurudishwa kwao, dawa yake ya mwezi wa pili haina anayeikumbuka, na akianza tena kutangatanga usiku hufungwa kamba mguuni, kamba ikawa mnyororo, na mnyororo ukakazwa kwenye nguzo ya banda. Wanaofanya hivyo wana hoja, nayo husemwa bila aibu: aliwahi kuchoma ghala, au alipotea siku nne. Na akiwa ni mwanamke, hatari ni mbili, kwa kuwa aliye huru hushikwa na wanaume wasiomcha Mungu, na aliyefungwa hushikwa na wale wale wakati wenye nyumba wako shambani. Mimba yake ndiyo huwa shahidi wa kwanza kusema, nayo husema ikiwa imechelewa.

Sasa tutazame sheria zimesimama wapi. Ibara ya 11 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Lakini ibara ya 7 yasema kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kudaiwa mahakamani. Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka mwaka 2003, ikawahesabu wazee kuanzia miaka 60 na kuahidi mengi mema, yakiwamo matibabu bila malipo kwa wasio na uwezo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilikuja baadaye. Linganisha na mtoto: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemtaja ofisa wa ustawi wa jamii, imeitaja mahakama, na imemwekea kila mwanajamii wajibu wa kutoa habari aonapo mtoto anadhulumiwa au anatelekezwa. Miaka ishirini baada ya sera, mzee wa Bara alikuwa bado hana sheria ya namna hiyo. Zanzibar imetangulia kwa Sheria ya Mambo ya Wazee ya mwaka 2020, na Kenya iliandika katika ibara ya 57 ya Katiba yake ya 2010 kwamba mzee ana haki ya kuishi kwa staha bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya jamaa zake na ya dola. Jirani wa Bahi, basi, akimsikia mtoto akilia usiku ana wajibu wa kisheria. Akimsikia bibi akilia ana huruma yake tu.

Na mzee aliyeshindwa kabisa na nyumba yake alikuwa na njia gani? Wachache walipokewa katika makazi ya Serikali, kama yale ya Sukamahela wilayani Manyoni, ambayo asili yake ni kuwahifadhi waliougua ukoma. Wengine, tena hasa vipofu, walishikwa mkono na mjukuu, wakapanda gari moshi, wakaenda kukaa chini ya taa za barabarani za Dar es Salaam, hata jina la Mgogo likafanywa mzaha wa mjini. Huko walikutana na Kanuni ya Adhabu, iliyotungwa zama za Waingereza, ambayo kifungu chake cha 176 humweka mwombaji katika fungu moja na wazururaji na wavunja utulivu. Wakuu wa mji waliwakamata mara kwa mara na kuwarudisha kwao, yaani walirudishwa pale pale palipowashinda, na hapana aliyefuatana nao kuona kama kibuyu cha maji kimesogezwa karibu.

Fedha husaidia, na ushahidi wake upo. Huko huko Muleba, katika Nshamba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa vikongwe pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao wakiwa wanalea wajukuu yatima. Mwaka 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza majaribio ya ruzuku kwa kaya maskini katika Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, jirani wa Bahi, na wazee walikuwamo katika hesabu. Mpango huo baadaye ukaenea nchi nzima. Aprili 2016 Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii ya shilingi 20,000 kwa kila mwenye miaka 70, tajiri na maskini, kiasi ambacho baadaye kiliongezwa hadi 50,000. Fadhila yake haiishii katika chakula. Mzee mwenye chake hubadili mahali pake katika hesabu ya nyumba: hununua sukari, humpa mjukuu peni ya shule, huombwa ushauri kabla ya siku ya malipo. Lakini ruzuku nayo ni amana. Nenda siku ya malipo ukaone ni kadi ngapi zinazoletwa na vijana kwa niaba ya bibi zao wasioweza kutembea. Wengi ni waaminifu, na baadhi hupitia kilabuni, na anayegawa fedha hana njia ya kuwatofautisha kwa kuwa hamjui bibi, aijua kadi. Fedha bila jicho humtia mzee katika hatari mpya, maana sasa ana kitu cha kunyang'anywa.

Jicho hilo liwe la nani? Jibu halihitaji idara mpya yenye magari. Tangu zama za TANU vijiji vyetu vimekuwa na mabalozi wa nyumba kumi, ambao hujua ni mgeni gani amelala wapi na nani hajatoa mchango wa darasa. Pana mwenyekiti wa kitongoji, pana mtendaji wa kijiji, pana mhudumu wa afya anayezunguka na vidonge, pana akina mama wa kanisa na jamaa wa msikiti ambao huzuru wagonjwa kwa thawabu. Kijiji kinachoweza kumkamata mgeni asiye na kibali kabla hajamaliza chai yake chaweza pia kujua kwamba mzee fulani hajaonekana kwa siku tatu. Kinachokosekana ni agizo: kwamba wako watu hawa walio dhaifu, kwa majina yao katika daftari, kwamba lazima waonwe kwa macho mara moja kila mwezi, na mara mbili katika miezi ya njaa, na kwamba aliyewaona atie sahihi.

Kuona nako kuna adabu yake. Mzuru asikae ua wa nje akaridhika na neno la mkamwana. Aombe kwa heshima kumwamkia bibi mwenyewe ndani, na azungumze naye peke yake angalau kwa muda wa kumaliza kikombe cha maji, kwa kuwa anayeogopa hasemi mbele ya anayemwogopa. Atazame mambo manne: ngozi, kama ina michubuko ya mkono au vidonda vya kulala, nguo na tandiko, maji, yako wapi, na karatasi, kama ipo aliyotiwa kidole hivi karibuni. Asiahidi siri asiyoweza kuitunza. Na asimhamishe mtu kwa nguvu. Aliye mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuchagua kubaki katika nyumba yenye taabu kuliko kupelekwa makazini kwenye raha asiyoizoea. Ulinzi unaomnyima mzee kauli umekwisha kuwa dhulma ya namna nyingine. Pakiwa na kipigo, unajisi au wizi, shauri ni la polisi na mahakama, wala baraza la ukoo lisiruhusiwe kulimaliza kwa mbuzi. Lakini pakiwa na uchovu na njaa, kama katika tembe lile la Februari, anayehitaji msaada wa kwanza ni mkamwana: binti wa jirani wa kukaa zamu mchana, debe la mtama, na nafasi ya kupumzika bila kuitwa mvivu.

Najua litakalosemwa. Itasemwa kwamba mambo haya ni ya kigeni, na kwamba kuingia nyumba ya mtu kuuliza habari za mama yake ni kumvunjia heshima. Ni kweli kwamba hata Ulaya hawakuanza mapema. Madaktari wa Uingereza walianza kuandika waziwazi juu ya vikongwe wanaopigwa majumbani mwaka 1975, na wengi waliudhika. Walakini shahidi si adui wa mwaminifu. Mlezi aliyemtunza baba yake miaka kumi bila lawama hana cha kupoteza mbele ya jicho la kijiji, tena ana cha kupata, maana kazi yake iliyofichika itajulikana na kusaidiwa, na siku ya msiba hapatatokea binamu kutoka mjini kumtuhumu kwamba alimwua kwa njaa. Anayepaswa kuhofu ni yule ambaye amana imekwisha kuharibika mikononi mwake.

Bunge litunge sheria ya wazee wa Bara, liweke wajibu wa kutoa habari kama lilivyoweka kwa mtoto, na Serikali izifute kanuni za mirathi zinazomlipa mjane kwa ahadi. Mambo hayo yatachukua muda. Ama halmashauri ya kijiji, yenyewe haihitaji kulisubiri Bunge ili inunue daftari. Mkutano mmoja watosha kuwataja waliomo, kuwapangia wa kuwazuru, na kuandika tarehe ya ziara ya kwanza, nayo iwe kabla ya palizi.